Mbao za Upande wa Kushoto

"Kalamu yako imeanguka tena, Inspekta," mwenye yadi alisema.

Ilikuwa mara ya tatu. Inspekta aliinama, akaiokota chini ya kitanda, akairudisha juu ya meza. Kalamu ilitulia kidogo, kisha ikajiviringisha kuelekea kushoto na kudondoka.

Walikuwa ndani ya gari-nyumba, basi dogo jeupe lililong'olewa viti vya abiria na kuwekwa kitanda, jiko la gesi, sinki, makabati na tangi la maji. Lilikuwa limeegeshwa uani kwa kituo cha polisi tangu juzi, walipolikuta kwenye yadi ya magari ya huyu bwana likiwa na bei kwenye kioo. Nesi mstaafu na mumewe walisema ni lao, limeibwa siku tisa zilizopita nyuma ya hospitali. Nyumba yao waliiuza miaka miwili nyuma ili walinunue na kulitengeneza, na tangu hapo wamekuwa wakiishi humo, wakizungukia watoto wao waliotawanyika. Hawakuwa na mahali pengine pao.

Mwenye yadi naye alisema ni lake, na karatasi alikuwa nazo yeye. Namba ya chasisi ililingana na karatasi zake. Mtaalamu wa kusoma namba zilizosagwa na kugongwa upya angepatikana wiki ijayo. Barua ya wakili ilikuwa imefika asubuhi: kama hakuna ushahidi hadi saa nane mchana, gari liachiwe. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

"Hii meza umeiweka lini?" Inspekta aliuliza.

"Ubao wa juu ni mpya. Wa zamani ulichakaa."

Nesi alikuwa ameapa kwamba gari lake litatambulika kwa alama ya pasi iliyoungua mezani. Alama haikuwepo. Mapazia yalikuwa mapya, godoro jipya, na ukutani palinukia rangi.

"Na vingine vyote?"

"Nimejenga mwenyewe kwa mikono hii. Kuanzia kitanda hadi kabati la mwisho."

"Wapi?"

"Karakana kwangu. Waulize mafundi wote mjini. Sakafu yangu ya saruji, imenyooka kama kioo. Pale napangilia magurudumu, Inspekta. Sakafu ikiwa na kilima, magari ya watu yatatembea upande kama kaa."

Inspekta aliandika maneno hayo yote, hata kaa. Mwenye yadi alisoma, akacheka, akatia sahihi. Alitumia kalamu yake mwenyewe.

Nje, Sajenti alikuwa akimsubiri na miwani yake ya kusomea juu ya paji la uso. Alikuwa amemzidi Inspekta miaka mitano kazini na hakuwahi kumwacha asahau.

"Twende kwa yule seremala," alisema. "Mimi tangu jana nakwambia. Aliyelijenga gari ni mdogo wake Nesi. Anajua kila kitasa. Jana nilipomuuliza alilijengea wapi, jasho lilimtoka kama amekimbizwa."

"Alikujibu nini?"

"Kituo cha mafuta, kwenye sakafu yao. Nani anajenga makabati kwenye kituo cha mafuta kwa miezi miwili? Huyo kamuuza dada yake."

"Leta futikamba."

"Unayo mfukoni. Unayo kila siku. Ndiyo maana wanakuita Futikamba."

*

Nesi na mumewe walikuwa wamehifadhiwa sebuleni kwa huyo seremala. Nesi alikuwa akikunja nguo na kuzipanga kwenye mfuko wa plastiki. Hazikufika kumi. Mumewe, aliyeendesha malori maisha yake yote na kuitwa Kapteni hata na wanawe, alikuwa kwenye kochi, jicho moja limefungwa bandeji. Gari liliibwa siku alipofanyiwa upasuaji.

"Mmelipata?" Nesi aliuliza kabla hawajakaa.

"Lipo. Sijaweza kuthibitisha kuwa ni lenu," Inspekta alijibu. "Alama ya pasi imeondoka na ubao wake."

Nesi aliketi. "Basi tumekwisha."

"Bado. Nataka unieleze jinsi mnavyoegesha. Tangu kuzima injini."

"Kuegesha? Hilo litasaidia nini, mwanangu?"

"Sijui. Nieleze."

"Tunafika. Siku hizi naendesha mimi, jicho lake lilishachoka. Nasimamisha. Mzee wangu anashuka na mbao zake mbili, anaziweka mbele ya matairi, ananipigia kelele 'njoo, njoo, hapo!' Napanda juu ya mbao. Nazima injini. Anafungua gesi, mimi nabandika chai."

"Mbao za nini?"

"Za matairi. Eti yasinyonye unyevu wa ardhini."

"Yote manne?"

"Mawili. Ya kushoto."

"Na ya kulia?"

"Nilimuuliza mwaka jana. Akaniambia nayo yatapata zamu yao."

Sajenti alikohoa ndani ya mkono wa shati. Kapteni alilielekeza jicho lake zima dirishani na kuanza kuuchunguza ukuta wa jirani.

"Siku ile mlipoenda hospitali, gari lilikuwa juu ya mbao?"

"Lilikuwa juu ya mbao tangu siku mbili nyuma."

"Wezi waliondoka nazo?"

"Sijui. Nilipofika pale sikuona gari. Nani angetafuta mbao?"

Inspekta alimgeukia Sajenti. "Wewe ndiye uliyekagua pale mahali."

"Ziko stoo," Sajenti alisema polepole. "Niliziandika: 'mbao mbili, mwenyewe hajulikani.' Nilidhani za wajenzi."

"Stoo sehemu gani?"

"Nimezipandanisha juu ya matofali. Nakalia wakati wa chai."

"Umekalia kielelezo kwa siku tisa."

"Kimenistahimili vizuri, afande."

Inspekta alitoka uani. Seremala, mtu mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio, alikuwa akipiga randa ukingo wa mlango. Alipomwona alizidisha kasi. Vipande vyembamba vya mbao viliruka hadi viatuni mwa Inspekta.

"Shikamoo," alisema, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

"Shikamoo mwenyewe. Gari la dada yako ulilijengea wapi?"

"Kituo cha mafuta. Nilishamwambia Sajenti."

Inspekta alitazama meza yake ya kazi. Miguu miwili ya upande wa ukuta ilisimama chini kwenye udongo. Miwili ya upande wa lango ilikuwa imewekewa vipande vya mbao chini yake. Alichukua kikombe cha maji kilichokuwa dirishani, akakimwaga katikati ya uwanja. Maji hayakusambaa. Yalikimbia moja kwa moja kwenda langoni.

"Niazime pimamaji lako."

"Lipo... lina hitilafu."

"Niazime hivyo hivyo. Na ubao ulionyooka."

Ubao ulikuwa na urefu wa sentimita mia moja na ishirini. Inspekta aliulaza chini kutoka ukutani kuelekea langoni, akaweka pimamaji juu yake, akauinua upande wa lango hadi kijipovu cha ndani ya kioo chake kikatulia katikati. Kisha akavuta futikamba na kupima mwanya uliobaki chini.

"Sentimita nne," alisema. "Gari liliingia hapa uso ukitazama wapi?"

Seremala aliweka randa chini. "Gari gani?"

"Kaka yangu, sina muda wa kubembelezana. Saa nane gari lile linaondoka na yule bwana. Likiondoka, dada yako atakunja nguo sebuleni kwako mpaka uzee. Liliingia uso wapi?"

Seremala alitazama mlango wa nyumba, ambapo Kapteni alikuwa amesimama ameushika mwimo.

"Mwambie tu, shemeji," Kapteni alisema.

"Ulisema tutazikwa na siri hii."

"Nilisema tutazikwa nayo. Sikusema tufukuzwe nyumba kwa ajili yake."

Seremala alikaa juu ya rundo la mbao. "Uso ulitazama kule, kwenye mti wa jirani. Kushoto ukutani, kulia langoni."

"Kwa hiyo upande wa kulia ulikuwa chini."

"Ndiyo."

"Meza yako umeiwekea kabari. Gari ukalisahau?"

"Inspekta, mimi miaka kumi na tisa naweka makabati kwenye nyumba za watu!" Sauti ilimpanda. "Nyumba haitembei. Unaingia na pimamaji, likisema sawa, ni sawa mpaka nyumba ianguke. Nikaweka kitanda, pimamaji likasema sawa. Sinki, sawa. Kila kabati, sawa. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Siku wanaondoka, Kapteni akafika barabarani kwenye tambarare..."

"Droo zote zikatoka kwa pamoja," Kapteni alimalizia. "Kama zimeitwa."

"Nilitaka kubomoa nianze upya."

"Ingechukua mwezi. Na mke wangu ndiye aliyesisitiza kazi apewe mdogo wake, kila mtu alijua. Nikamwambia shemeji akae kimya. Nikatafuta mbao mbili za sentimita tano, nikaweka chini ya matairi ya kushoto. Kila kitu kikanyooka."

"Miaka miwili!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Nesi. Alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na shati mkononi.

"Mama watoto—"

"Usiniite mama watoto! Miaka miwili kila tukisimama njiani vyombo vinahamia upande mmoja, nawe unaniambia mimi ndiye sijui kupanga kabati! Nimepanga makabati ya wodi miaka thelathini na moja, mimi!"

"Dada, nilikuwa—"

"Wewe nyamaza. Wewe nitakuja kwako."

"Mtagombana jioni," Inspekta alisema. "Hata wiki nzima, ruksa. Sasa hivi nataka maandishi. Fundi, kaa hapa. Chora gari. Kila kitu ulichokijenga humo, kimoja kimoja, na kila kimoja kiliegemea wapi, kwa kiasi gani."

Seremala alitoa penseli nyuma ya sikio. Alichora vizuri, kwa mistari iliyonyooka. Sajenti alimchungulia begani akisoma kwa sauti: kitanda, meza, sinki, jiko, makabati matatu ya juu, mawili ya chini.

"Vyote vimeegemea upande mmoja?"

"Vyote. Kosa ni langu lakini halibadiliki." Alisita. "Isipokuwa rafu."

"Rafu ipi?"

"Ndogo, juu ya mlango wa pembeni. Ya dawa za jicho la Kapteni. Niliipachika mwezi uliopita. Tulikutana kituo cha mafuta, sakafu yao tambarare, gari halikuwa juu ya mbao. Hiyo peke yake ndiyo iliyonyooka."

"Kumbe kituo cha mafuta kipo," Sajenti alinung'unika.

"Sikudanganya kabisa kabisa," seremala alisema.

"Hilo gari umeliona tangu liibwe? Umefika kituoni?"

"Sijafika."

"Andika hivyo pia. Tarehe na saa."

Aliandika. Nesi na Kapteni walitia sahihi kama mashahidi, mmoja kwenye ncha hii ya karatasi na mwingine kwenye ncha ile. Inspekta aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akaifunga na kuandika saa juu yake: sita na dakika kumi na mbili.

*

Saa saba na robo mwenye yadi alikuwa tayari uani kwa kituo, anazungusha funguo za yadi yake kidoleni.

"Dakika arobaini na tano," alisema. "Ila mimi si mtu wa kukimbizana. Malizeni mambo yenu."

Inspekta alianza na sakafu ya ua. Alilaza pimamaji chini mara nne, kila mahali penye tairi, na mara nne kijipovu kilitulia katikati. Sajenti aliandika. Kisha akafungua milango yote ya gari ili kila aliye nje aone, akaweka pimamaji kwenye sakafu ya gari. Katikati.

Akaliweka mezani. Kijipovu kilikimbilia kulia. Kitandani, kulia. Ukingoni mwa sinki, juu ya jiko, ndani ya makabati: kulia, kulia, kulia. Kila mara aliweka ubao wa sentimita mia na ishirini pale ulipoweza kuingia, akauinua hadi kijipovu kikarudi, akapima mwanya.

"Nne," alisema. "Nne. Nne kasoro nukta. Nne. Wewe umejenga hivi kwenye sakafu iliyonyooka kama kioo?"

Mwenye yadi aliinua mabega. "Fundi wangu hakuwa makini."

"Ulitia sahihi kwamba ni mikono yako."

"Basi mikono yangu haikuwa makini. Kupinda ni kosa la jinai?"

"Hapana. Sajenti, lete kiti chako."

Sajenti alileta zile mbao mbili, moja kila kwapa. Inspekta alizipima unene mbele ya wote, sentimita tano, akaziweka mbele ya matairi ya kushoto. Nesi, aliyekuwa amesimama ukutani na mumewe na mdogo wake, alipewa funguo za gari. Alipanda, akarekebisha kiti, akawasha.

"Njoo," Kapteni alisema bila kupaza sauti. "Njoo, njoo. Hapo."

Gari lilipanda na kutulia. Inspekta aliingia na pimamaji. Meza: katikati. Kitanda: katikati. Sinki, jiko, kabati la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa akisema neno moja tu, "katikati", na Sajenti akiandika, na kila lilipotajwa seremala alizidi kusimama wima.

Mwenye yadi aliacha kuzungusha funguo. Alizunguka gari, akachungulia kwenye mlango wa pembeni, uso ukamchangamka.

"Na hii?" Alinyoosha kidole. "Hii rafu hapa juu. Pima na hii! Mbona huigusi?"

"Nilikuwa nakusubiri," Inspekta alisema. "Pima wewe."

Alinyakua pimamaji, akaliweka juu ya rafu. Kijipovu kilikimbilia kushoto kabisa.

"Mnaona? Imepinda! Mchezo wenu wa mbao umekwisha. Kama gari ni lao na mbao zinanyoosha kila kitu, hii ingenyooka na yenyewe. Andika hilo, Sajenti. Andika kabisa."

"Limeandikwa," Sajenti alisema.

Inspekta alitoa bahasha, akamwonyesha saa iliyoandikwa juu na kwamba haijafunguliwa. Akaichana, akampa karatasi.

"Soma mstari wa mwisho. Kwa sauti, tafadhali."

Mwenye yadi alisoma kimya. Akasoma tena.

"Nimesahau miwani," alisema.

Sajenti alishusha yake kutoka pajini, akampa.

Hakuivaa. Alikaa kwenye kidaraja cha mlango wa gari, karatasi ikining'inia mkononi. Mahali fulani mfukoni mwake simu ya wakili iliita hadi ikakata.

"Fundi ambaye hajaliona gari hili kwa mwezi mzima," Inspekta alisema, "amekaa nyumbani kwake leo na kuniandikia kila kilichopinda, kimepindia wapi, kwa kiasi gani, na kipi kimoja hakikupinda. Wewe unayesema umelijenga hukujua hata kimoja. Nani kakuletea?"

"Nikisema, itanisaidia?"

"Itakusaidia kuliko kutosema."

Alivuta pumzi. "Mrekebisha vitasa. Ana kibanda mbele ya hospitali. Anaangalia nani analazwa, nani anakuja na gari. Huniletea mimi, lakini si mimi peke yangu. Kuna wenzangu wawili."

"Majina."

Akayataja. Sajenti aliyaandika yote matatu, pamoja na namba za simu, na kumpeleka mwenye yadi ndani. Inspekta alitazama saa. Nane kasoro dakika kumi na moja. Kibanda cha vitasa hufungwa jioni. Alikuwa na muda wa kutosha kufika pale na watu wawili kabla mwenyewe hajasikia habari.

Lakini kwanza karatasi. Alipiga picha kila pembe ya gari, akaambatanisha vipimo, na kuandika hati ya kumrudishia mwenye mali gari lake kwa sharti la kulileta mahakamani litakapohitajika. Nesi alikuwa tayari ndani, akifungua kabati moja baada ya jingine.

"Sufuria zangu zote wametupa," alisema. "Washenzi." Kisha akafungua bomba la sinki. Maji yalitoka. Aliyaacha yatiririke juu ya vidole vyake, akafunga, akageuka kwa mdogo wake aliyekuwa bado nje kama anasubiri hukumu.

"Wewe. Utaibomoa lini hii kazi yako?"

"Nianze hata kesho, dada."

"Usiguse kitu chochote humu. Nani kakwambia uguse? Panda, uone kama mapazia yao yanatoka."

Mezani kwa Sajenti, Nesi alijaza fomu kwa mwandiko wa hospitali, haraka na bila kuinua kalamu. Sajenti aliipitia kwa kidole, akafika katikati, akasimama.

"Mama, hapa wanataka mahali unapoishi. Umeandika namba ya gari. Namba ya gari ulishaijaza kule juu."

"Nimeona."

"Ni kosa, sasa. Panatakiwa nyumba. Mtaa."

"Soma tena wanachouliza."

Sajenti alivaa miwani yake vizuri na kusoma tena. Akamtazama Inspekta, ambaye alikuwa mlangoni na pingu kiunoni, anavaa koti.

"Afande, makao makuu huwa wanarudisha fomu zikiwa hivi."

"Wakirudisha, waambie wampelekee pale alipoandika," Inspekta alisema. "Gonga muhuri, Sajenti. Tuna mtu wa vitasa anatusubiri."